Maswali ya Wasomaji: Taya Linauma, Linaalika, Halifunguki

Maswali sita ya mwezi huu karibu yote yanahusu kiungo cha taya, kiungo kimoja kidogo kilicho mbele ya sikio. Yamejibiwa na jopo letu la afya ya kinywa.

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro. Huu ni mwezi wa tatu nasumbuliwa na sikio la kulia. Nimepewa dawa ya matone mara mbili na antibayotiki mara moja, ila kila nikipimwa naambiwa sikio halina usaha. Maumivu huwa makali nikiamka na wakati wa kula, yanapanda mpaka kwenye panja. Nilidhani ni jino, nikang'oa gego la juu upande huohuo. Hakuna kilichobadilika. Sasa nashauriwa nitoe na la pili.

Marahaba, mwalimu. Gego la pili lisiguswe kwanza. Jino la kung'olewa huwa na sababu inayoonekana: limetoboka, linacheza, ufizi wake una jipu, au linauma likigongwa taratibu kwa mpini wa kioo cha daktari. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kuling'oa ni kumdai asiye na deni. Maelezo yako yanaelekea kwenye kiungo cha taya na misuli yake.

Weka ncha ya kidole cha shahada mbele ya sikio, pale penye kinundu kinachokinga tundu, kisha fungua na kufunga kinywa polepole. Utahisi kitu kinateleza chini ya ngozi, kinatoka na kurudi. Hicho ni kichwa cha taya la chini. Kimekaa ndani ya kishimo kwenye fuvu, na nyuma ya kishimo hicho, baada ya mfupa mwembamba tu, lipo tundu la sikio. Neva inayobeba maumivu ya kiungo hicho ndiyo hiyohiyo inayohudumia sehemu ya tundu la sikio na ngozi ya panja. Ndiyo maana taya huuma watu wakatibiwa sikio, au wakaambiwa wana kipanda uso.

Jipime mbele ya kioo. Vuta sikio taratibu kwenda juu na nyuma. Likiuma sana hapo, tundu la sikio lina shida yake na aendelee nalo daktari wa masikio. Kisha bonyeza pale mbele ya sikio. Halafu weka vidole kwenye shavu karibu na pembe ya taya, kaza meno, na utahisi msuli ukitutumka. Legeza, kisha uuminye huo msuli. Yale maumivu unayoyajua yakiamka hapo, basi umeshampata mhusika. Mwisho, simamisha vidole vitatu vya mkono wako, shahada, cha kati na cha pete, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Taya lisilo na shida huvipokea vyote vitatu. Kwa rula, mtu mzima hufungua milimita 40 au zaidi.

Maumivu ya asubuhi mara nyingi maana yake ni kwamba misuli ilifanya kazi usiku: mtu anakaza au anasaga meno usingizini bila kujijua. Toa ulimi uutazame. Kingo zake zikiwa na alama za meno kama donge la unga lililoshikwa kwa vidole, na ndani ya mashavu ukiona mstari mweupe unaofuata meno, basi huenda unakaza. Mchana nako hukosi kufanya hivyo, hasa unaposahihisha madaftari huku kidevu kimeegemea kiganja. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda wote uliobaki midomo ifungwe na meno yaachane kidogo, kama milimita 2 hadi 4. Tamka herufi ya kwanza ya neno “nne” uishikilie: ulimi umekaa nyuma ya meno ya mbele ya juu, meno hayagusani. Hapo ndipo taya linapopumzika. Chagua kitu cha kukukumbusha, kwa mfano kila kengele ya kipindi ikilia: meno yamegusana? Achanisha, shusha mabega, endelea na kazi. Hili halina gharama yoyote, na katika yote tutakayokueleza hili ndilo tunaloliamini zaidi, kwa sababu dawa huzima maumivu ya leo huku tabia ikiwasha ya kesho.

Kwa wiki mbili hadi tatu, kula vyakula laini: mtori, wali ulioiva vizuri, maharage, samaki, mayai, viazi vya kuponda, parachichi, papai. Kaa mbali na mahindi ya kuchoma, makande, muwa, mishikaki, kashata na bigijii. Embe na tufaha kata vipande vidogo, usiyang'ate kwa meno ya mbele. Tafuna pande zote mbili. Usikae kwa uji peke yake mwezi mzima lakini, maana msuli usiotumika kabisa nao hukakamaa.

Chovya taulo ndogo kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, ikamue, iweke shavuni na kwenye panja kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Taulo hupoa haraka, na wengi huacha hapo wakidhani wamemaliza. Chovya tena kila inapopoa, au tumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10, ni ya maumivu mapya makali ya siku moja au mbili za mwanzo. Baada ya joto, sugua msuli wa shavu kwa vidole viwili, mizunguko ya polepole, dakika mbili kila upande.

Kisha zoezi. Gusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa nyuma tu ya meno ya mbele, fungua kinywa bila kuuachia ulimi, funga. Mara 10, vipindi vinne kwa siku, mbele ya kioo ili kidevu kishuke wima bila kwenda upande. Ulimi hapo ni breki: haukuruhusu kufungua kupita kiasi wala kichwa cha taya kuruka mbele. Kosa tunalokutana nalo sana ni mtu kupanua kinywa mpaka mwisho ili “kukinyoosha”, akaamka kesho yake ameumia zaidi.

Dawa: ibuprofeni miligramu 400, mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5 hadi 7, kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, presha isiyodhibitiwa, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, asiye mjamzito wala hatumii dawa za kuyeyusha damu. Mwenye mojawapo ya hayo atumie parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Mwenye ini bovu amuulize daktari kwanza. Angalia sana vile vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa, diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Ukivimeza pamoja na ibuprofeni umekunywa dawa mbili za jamii moja, na tumbo na figo ndizo zitakazoumia. Ukiongeza na panadoli, umezidisha parasetamoli. Antibayotiki hazina kazi hapa, hakuna kidudu cha kuua.

Nafuu ya kwanza huanza kuonekana ndani ya wiki mbili au tatu, na wengi hupona kwa miezi miwili mitatu. Wiki sita zikipita bila mabadiliko yoyote, muone daktari wa meno, na umwambie wazi kwamba ungependa kiungo cha taya kipimwe.

Yapo maumivu ya taya ambayo hayangoji wiki sita. Yanayokuja ukipanda ngazi au ukitembea haraka, yakaisha ukipumzika, hasa yakifuatana na jasho au kifua kubana, ni ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yanayopiga kama shoti ya umeme kwa sekunde chache ukinawa uso au ukipiga mswaki ni ya neva, na dawa yake ni nyingine kabisa. Na mtu wa zaidi ya miaka 50 anayechoka taya akitafuna, panja linauma na macho yanafifia, aende hospitali siku hiyohiyo. Mishipa ya damu inayovimba kwenye panja huweza kumpofusha.

Mimi ni kijana wa miaka 27, nyumbani ni Maua, Meru, na nafanya kazi Nairobi. Kwa mwaka mzima taya la kushoto lilikuwa linaalika nikifungua mdomo, lakini halikuwa na uchungu, kwa hivyo sikujali. Wiki mbili zilizopita niliamka mdomo haufunguki. Mlio umeisha, ila vidole viwili tu ndivyo vinaingia, na taya linavuta kushoto. Nisifiche, huwa nachana miraa kila wikendi usiku kucha, na upande ni huohuo. Je, kuisha kwa mlio ni kupona? Ama ni pepopunda?

Kuisha kwa mlio, ndugu yetu, katika hali yako ni dalili ya kuzidi. Kati ya kichwa cha taya na kishimo chake pana kisahani cha gegedu, chembamba katikati na kinene pembeni, mfano wa kofia iliyobonyezwa katikati. Unapoanza kufungua mdomo, kama milimita 20 hadi 25 za mwanzo, kichwa huzunguka papohapo. Baada ya hapo huteleza mbele, na kisahani kinatakiwa kuteleza nacho. Kikilegea, hutangulia mbele ya kichwa. Unafungua, kichwa kinakirukia na kukivaa tena: “ka!” Huo ndio mlio wako wa mwaka mzima. Mlio peke yake, bila maumivu na bila kukwama, wanao watu wengi sana na hauhitaji tiba. Anayekwambia ufanyiwe upasuaji kwa ajili ya mlio tu, muage kwa heshima.

Sasa kisahani kimetangulia na kimejikunja mbele. Kichwa hakiwezi tena kukirukia, kinagonga na kusimama. Upande wa kulia unateleza vizuri, wa kushoto umekwama, ndiyo maana kidevu kinavuta kushoto.

Wiki mbili ni mapema, na mapema ndipo kuna faida. Mtafute daktari wa meno aliye na uzoefu wa kiungo hiki, au daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, ndani ya siku chache. Anaweza kukichoma ganzi kiungo na kulivuta taya chini kisha mbele kwa mkono. Isipofaulu, kipo kitendo kidogo cha kuosha kiungo: sindano mbili zinaingizwa mbele ya sikio chini ya ganzi, maji tasa ya chumvi yanapitishwa kwa moja na kutoka kwa nyingine, kiungo kinaoshwa uchafu wa uvimbe na kulegezwa. Hakuna kisu. Mgonjwa huenda nyumbani siku hiyo, na mazoezi ya kufungua mdomo huanza mara moja. Hata wasiofanyiwa lolote, wengi wao hufungua zaidi kadiri miezi inavyopita, kwa sababu tishu za nyuma ya kisahani hugeuka ngumu na kufanya kazi ya kisahani kwa kiasi. Ila kungoja bila mazoezi ni kuliachia taya likakamae.

Kuhusu gomba, yaani hiyo miraa, tunakujibu bila kukuhukumu. Saa sita au nane za kutafuna upande mmoja, na bigijii juu yake, ni kazi ambayo msuli wa taya haukuumbiwa. Isitoshe kathinoni iliyo kwenye majani mabichi ni ya ukoo wa amfetamini: inakaza misuli, inaondoa usingizi, na inapunguza kusikia uchovu, kwa hivyo breki ya asili ya kusema “taya limechoka” haifanyi kazi mpaka asubuhi. Ukiosha kiungo Jumatano ukachana Ijumaa, umetupa pesa. Acha kabisa kwa angalau miezi mitatu. Kuhamishia upande wa kulia si suluhisho, maana pande mbili za taya la chini ni mfupa mmoja na upande wa kulia tayari unafanya kazi ya ziada.

Pepopunda huja kwa namna nyingine. Hukaza taya pande zote mbili ndani ya siku chache, mara nyingi baada ya kidonda au kuchomwa na msumari, hata kile kidogo kilichosahaulika. Hufuatia shingo kuwa ngumu, kumeza kuwa shida, tumbo kukakamaa kama ubao, mwili kushtuka kwa mwanga au kelele. Wewe ungekuwa nayo wiki mbili zote hizi, usingekuwa unaandika barua. Anayeona dalili hizo akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Na mdomo unaokwama huku kuna homa, shavu limevimba na gego la mwisho linauma, hapo ni jipu la jino. Hilo nalo ni la hospitali siku hiyo, kwa sababu uvimbe unaweza kushuka shingoni na kubana pumzi.

Nasoma chuo Mbeya. Nilipiga miayo darasani, kinywa kikabaki wazi, sikuweza kufunga wala kuongea. Mwenzangu akanisukuma kidevu juu kwa nguvu, nikaumia sana. Hospitali walirudisha. Limetokea tena juzi. Kwa nini?

Mbele ya kishimo cha taya kuna kilima kidogo cha mfupa. Ukipanua sana, kichwa cha taya hupanda kilima na kwa watu wengine huvuka upande wa pili. Misuli inayofunga kinywa, ikishtuka, hukaza na kukivutia juu, mbele ya kilima. Mwenzako alipokusukuma kidevu juu alikuwa akikibana zaidi palepale.

Njia ya kurudisha ni kinyume chake, na imeelezwa tangu maandishi ya kitabibu ya Kigiriki ya zama za Hippocrates: chini kwanza, kisha nyuma. Mgonjwa hukaa kwenye kiti cha chini, kichwa kimeegemea ukuta. Mtabibu hufunga dole gumba kwa kitambaa, huweka gumba mbili juu ya magego ya chini au kwenye ufizi pembeni yake, vidole vingine vikishika chini ya kidevu, hubonyeza magego chini kwa nguvu ya kudumu mpaka msuli uchoke, kisha hulisukuma taya nyuma. Kitambaa kina sababu: taya hurudi kwa kishindo na meno hufunga juu ya vidole. Hii ni kazi ya mtabibu. Wewe na wenzako kazi yenu ni kufika haraka, maana kila saa inayopita msuli huzidi kukaza. Njiani kaa umeinama mbele mate yadondoke, usilale chali, usile wala kunywa, na asikupige mtu kofi akidhani litarudi.

Wiki mbili hadi tatu baada ya kurudishwa usifungue zaidi ya vidole viwili. Miayo ikija, inamisha kichwa kidevu kiguse kifua, au weka ngumi chini ya kidevu. Kwa mtu wa aina yako hii iwe desturi ya maisha. Mwambie pia daktari wa meno kabla hajaanza kazi, ili akushikie taya na akupe mapumziko. Kama kabla ya tukio ulikuwa umemeza dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi, au dawa ya magonjwa ya akili kama haloperidoli, taja jina lake, maana dawa hizo zinaweza kukaza misuli na kuvuta taya, na hapo tiba ni sindano ya kuondoa athari ya dawa. Likiendelea kutoka, daktari wa upasuaji wa taya anaweza kuchoma damu yako mwenyewe, mililita chache, ndani na kando ya kiungo ili tishu zikaze. Ni njia ya gharama ndogo, na inafaa kujaribiwa kabla ya upasuaji.

Nina miaka 41, Dar es Salaam. Nasaga meno usiku mpaka mke wangu anaamka. Daktari mmoja amesema anisawazishe meno kwa kuyapunguza ili “yakutane vizuri”. Mwingine anataka kunitengenezea plastiki ya kuvaa usiku. Wa tatu ametaja upasuaji. Nimfuate yupi?

Wa pili, kwa masharti tutakayoyataja. Wa kwanza usimkubalie. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ikishapunguzwa haioti tena.

Wazo la “meno hayakutani vizuri” ni la zamani. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa St. Louis, Marekani, aliandika kwamba mtu akikosa magego taya hufunga kupita kiasi, likabana neva na sikio. Maelezo yake ya anatomia yalikuja kukataliwa, lakini kwa miongo mingi meno yaliendelea kusagwa, kuvalishwa kofia na kung'olewa kwa sababu hiyo. Upasuaji nao una historia yake ya kuumiza: katika miaka ya 1980, huko Marekani, watu waliwekewa visahani bandia vyenye Teflon, vikasagika ndani ya kiungo, chembe zake zikachochea mwili ukala mfupa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni. Tunayasema haya ili ujue kwa nini tunasisitiza kuanza na kile kinachoweza kuachwa kesho bila kudhuru. Upasuaji una mahali pake: mfupa ulioota na kushikana, uvimbe, kuvunjika. Kusaga meno hakumo.

Plastiki hiyo iwe ya akriliki ngumu, ifunike meno yote ya taya moja, unene kama milimita 2 au 3, itengenezwe kwa kipimo cha meno yako, na ikivaliwa magego ya pande zote mbili yaigonge kwa pamoja. Ile laini ya mpira inayouzwa kwa wanamichezo, ya kulainisha kwenye maji moto, baadhi ya watu huitafuna usiku kucha na kuamka wamechoka zaidi. Inayofunika meno ya mbele tu ni hatari kwa matumizi ya muda mrefu: magego yasiyoguswa huota kwenda kutafutana, na siku ukiivua unakuta meno ya mbele hayakutani tena. Rudi kwa daktari baada ya wiki moja au mbili airekebishe. Ioshe kwa mswaki, sabuni na maji baridi. Maji moto huipinda. Ukiona meno yako yanakutana tofauti hata saa kadhaa baada ya kuivua asubuhi, acha kuivaa na urudi. Na ujue inachofanya: inalinda meno na kupunguza mzigo wa kiungo. Haimzuii kila mtu kusaga.

Kwa hiyo tafuta kinachochochea. Kahawa ya jioni, pombe na sigara vyote huongeza kusaga. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na setralini, zinaweza kukuletea. Usiziache ghafla, zungumza na aliyekuandikia. Muulize mkeo swali moja zaidi: je, unakoroma, pumzi inakata, kisha unashtuka? Kama ndiyo, pima usingizi kwanza, maana plastiki haitakusaidia kupumua. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo, miligramu 10 usiku, akishahakikisha moyo na macho yako vinaruhusu.

Bibi yangu, Unguja, kinywa chake kinazidi kuwa kidogo mwaka hadi mwaka. Hakiumi. Pilipili kidogo tu kinawaka moto. Anakula tambuu tangu ujana. Ni taya?

Sivyo, na hatutaki muanze na mazoezi. Mpitishe bibi kidole ndani ya shavu taratibu. Shavu lenye afya ni laini kama khanga iliyoloa. Mkikuta kamba ngumu zinazosimama wima, ngozi nyeupe iliyopauka, na ulimi hautoki vizuri nje, hiyo ni athari ya popoo, ile kokwa iliyo ndani ya tambuu. Popoo huifanya ngozi ya kinywa iote nyuzi ngumu, na hali hiyo inaweza kugeuka saratani. Aache popoo leo, iwe na tumbaku au bila tumbaku, na apelekwe kwa daktari wa kinywa akachunguzwe. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki mbili kikatwe kinyama cha kupimwa. Nyuzi zilizokwisha kuota hazirudi kuwa laini zenyewe, ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Mwanangu wa miaka 6, Mwanza, alianguka toka kwenye mwembe akapiga kidevu. Alishonwa nyuzi tatu, kidonda kimepona. Sasa ni wiki ya tano, anakula upande mmoja na nikimwambia afungue kinywa kidevu kinaenda kulia. Zahanati wanasema atazoea.

Mama au baba, hili tunaomba lisingoje. Kidevu kikigonga chini, nguvu yote hupanda kupitia mfupa wa taya mpaka mbele ya masikio, na shingo nyembamba ya kichwa cha taya ndiyo huvunjika. Kidonda cha kidevu hushonwa na kila mtu huridhika. Kidevu kinachokwenda kulia kinaonyesha kwamba upande wa kulia ndio ulioumia.

Mifupa ya mtoto huunga haraka, na hapo ndipo hatari ilipo: damu iliyomwagika ndani ya kiungo hugeuka mfupa, taya likashikana na fuvu. Kwenye kichwa cha taya ndipo mahali muhimu pa kukulia taya la chini. Kikishikana, kidevu hubaki kidogo, uso hupinda, mtoto hukoroma na kukatika pumzi usingizini, na hawezi kupigwa mswaki nyuma. Daktari wa usingizi naye hupata tabu kubwa kumpitishia mpira wa hewa siku ya upasuaji.

Mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Mlipo, Bugando ni karibu kuliko Muhimbili. Apigwe picha inayoonyesha vichwa vyote viwili vya taya. Kwa umri wake mara nyingi hatakatwa wala kufungwa waya kwa muda mrefu. Tiba kubwa ni mwendo. Kwa wiki hizi za mwanzo apewe chakula laini, na zoezi la kufungua kinywa mara 10, vipindi vitano kwa siku, akijitazama kwenye kioo na kukirudisha kidevu katikati kwa kidole chake mwenyewe. Daktari akisharuhusu, tumieni vijiti bapa vya mbao vile vya kukandamizia ulimi: panga vinavyoingia bila kulia, viache nusu dakika, kisha chomeka kimoja zaidi katikati. Kila Jumapili pima kwa rula kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, andika milimita na tarehe kwenye daftari. Namba ikisimama wiki mbili au ikirudi nyuma, msingoje siku ya kliniki, rudini. Na daftari lisifungwe kidevu kitakapoonekana kimenyooka; endeleeni kupima mwaka mzima, kwa sababu kushikana kwa mfupa huja polepole, muda mrefu baada ya mtoto kurudi kwenye mwembe.